‘Si uko nyumbani tu?’ Zamu mbili kwa wakati mmoja zinavyoumiza mwili

Kwa miaka mingi maradhi ya watu wa Ruiru na Thika yalifuata barabara. Aliyeumwa na mgongo alikuwa amejikunja katika kiti cha matatu tangu alfajiri, akaenda Nairobi na kurudi gizani. Aliyeumwa na kichwa alilaumu moshi na honi. Barabara Kuu ya Thika ilipofunguliwa upya mwaka wa 2012, ikiwa pana kuliko awali, safari ya wengi ilipungua, lakini foleni haikuisha, nasi madaktari tuliendelea kuandika katika kadi za wagonjwa neno lile lile: uchovu.

Siku hizi huja pia mgonjwa wa aina nyingine. Hajatoka nje ya lango la ploti kwa siku 3. Hajui habari za foleni wala za nauli kupanda. Ajabu ni kwamba mgongo wake unauma kuliko wa yule wa matatu, usingizi umemruka, na kipimo cha shinikizo la damu kinaonyesha tarakimu ambazo mtu wa miaka 34 hatarajii kuziona. Ukimuuliza kazi yake, hujibu kwa sauti ya chini, kana kwamba anaomba radhi: “Mimi hufanyia kazi nyumbani, daktari.”

Makala haya ni yake, na ya wale anaoishi nao.

Wazo la kufanyia kazi nyumbani si geni. Mwaka wa 1973 Mmarekani Jack Nilles alipendekeza kazi ipitishwe kwenye nyaya za simu badala ya wafanyakazi kupita barabarani kila asubuhi. Alikuwa akifikiria msongamano wa magari, wala si sinki lililojaa vyombo. Kwetu Kenya jambo hili liliingia kwa kishindo mwezi wa Machi 2020. Siku 2 baada ya mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 kutangazwa, serikali iliwataka waajiri wawaruhusu watu wao wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Kuanzia Aprili 6 hadi Julai 7 mwaka huo, Nairobi na viunga vyake vilifungwa, na mpaka wa upande wetu ukawa daraja la mto Chania hapa Thika. Mwalimu, karani, mhasibu, wote walijikuta mbele ya meza ya kulia chakula, shule zimefungwa, watoto wako miguuni.

Vizuizi viliondolewa, lakini si kila mtu alirudi ofisini. Wapo wanaokwenda Nairobi siku 2 kwa wiki na kubaki nyumbani siku 3. Wapo pia ambao hawajawahi kuwa na ofisi: vijana wa Kimbo na Makongeni wanaoandika na kunukuu sauti kwa ajili ya wateja wa ng’ambo, mafundi wa cherehani, akina mama wanaooka keki na kuziuza kwa simu. Hawa wote wanakutana na swali moja, ambalo huulizwa na mume, na mama mkwe, na jirani, na hata msimamizi wa ploti.

“Mama Njeri, si uko nyumbani tu? Niangalizie mtoto kidogo, nafika sokoni.”

“Si uko nyumbani tu? Mtu wa gesi akija mpokelee.”

Aliye ofisini akipigiwa simu husema yuko kazini, na mambo huishia hapo. Aliye nyumbani hana jibu linalokubalika.

Zamu isiyoisha

Watu wa Thika wanalielewa neno zamu kuliko watu wa miji mingi. Tangu enzi za viwanda vya nguo na vya kusindika mananasi, maisha ya familia nyingi hapa yamepangwa kwa zamu ya mchana na zamu ya usiku. Zamu ina ukatili wake, ila ina jambo moja jema: huisha. Huyu anatoka, yule anaingia.

Mwaka wa 1989 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alichapisha kitabu alichokiita Zamu ya Pili, kuhusu kazi za nyumbani zinazomngoja mwanamke baada ya kutoka kwenye ajira. Anayefanyia kazi nyumbani ana tatizo ambalo hata meneja mkali wa kiwanda asingethubutu kulileta. Zamu yake ya kwanza na ya pili zinaendeshwa saa zile zile, na mtu mmoja, mara nyingi juu ya meza moja.

Tuangalie hesabu. Uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka wa 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kwamba wanawake nchini hutumia zaidi ya saa 4 kwa siku katika kazi za nyumbani na za ulezi zisizo na malipo, ilhali wanaume hawafikishi hata saa 1. Jumlisha hizo 4 na saa 8 za mwajiri. Mwaka huo huo wa 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitangaza kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kupatwa na kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Hizo ni saa za ajira. Karai na sufuria havikuhesabiwa.

Nitatoa mfano wa mama mmoja wa Kihunguro, Ruiru, nikiwa nimebadilisha mambo machache asije akatambulika. Kazi yake ni kujibu wateja wa kampuni moja kwa simu na kwa ujumbe. Alikuja na maumivu ya kichwa upande wa kisogoni na shingo iliyokakamaa. Kwa wiki 6 alikuwa akimeza vidonge vya kutuliza maumivu karibu kila siku. Shinikizo lake lilikuwa 152 kwa 98. Nilipopima tena baada ya kumpumzisha, lilikuwa 148 kwa 96.

“Daktari,” akaniambia, “hata sijui nimechokea wapi. Mimi siku nzima niko nyumbani tu.”

Nilimpa karatasi, nikamwomba aandike siku yake kuanzia anapoamka. Huamka saa 10 na nusu alfajiri, kwa kuwa maji ya ploti yao huja kwa mgao na mfereji hukauka kabla hakujapambazuka. Hujaza mitungi 6 ya lita 20 na kuipandisha hadi ghorofa ya pili. Hizo ni kilo 120 kabla ya chai. Huwatayarisha watoto 2 hadi gari la shule lipige honi. Saa 2 asubuhi yuko mtandaoni. Saa 3 maharagwe yako motoni, na kati ya simu moja na nyingine hukimbia kuyaongeza maji. Nguo zimelowekwa bafuni; hufikicha mbili tatu, simu inalia, anarudi mezani mikono ikiwa na povu. Chakula cha mchana hula amesimama. Watoto wakirudi kuna kazi za shule, ambazo siku hizi humtaka mzazi naye akate karatasi na gundi, kisha ugali na mboga. Na kwa sababu mchana muda wa mwajiri ulimegwa hapa na pale, hufungua tena laptopu saa 3 usiku ili afidie, akaifunga saa 6. Usingizi wake ni saa 4 na nusu.

Soma tena siku hiyo, msomaji, uone kama kuna hata saa moja iliyokuwa ya kazi peke yake, au ya nyumba peke yake, au ya kupumzika. Mimi sikuiona.

Kinachotokea mwilini

Ubongo wa binadamu hauwezi kuyapa makini kamili mambo mawili yanayohitaji fikira. Hurukaruka kutoka hili hadi lile, na kila mruko hula muda na kuzalisha makosa. Mwili nao huuchukulia mruko huo kama hatari ndogo: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, moyo huongeza mwendo, misuli ya shingo na mabega hukaza. Homoni hizi zikipanda kwa dakika chache na kushuka, hakuna anayeugua. Taabu ni pale zinapopanda mara 40 kwa siku, na usiku, wakati ambapo shinikizo la damu lilipaswa kushuka, mtu bado ana mwangaza wa skrini usoni.

Ongeza kwamba wengi hawajui shinikizo lao ni ngapi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya watu wazima nchini wana shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Kuhusu vile vidonge vya maumivu ni lazima niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu duka la dawa liko karibu kuliko zahanati na muuzaji haulizi maswali mengi. Daiklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao ni dawa nzuri kwa siku chache. Zikitumiwa kila siku huweza kupandisha shinikizo la damu, kuumiza figo na kutoboa ukuta wa tumbo. Watu wengi huniambia wamepata vidonda vya tumbo kwa sababu hawali kwa wakati. Kuchelewa kula kunaweza kuchokoza maumivu, lakini vyanzo vikubwa vya vidonda ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori na dawa hizi hizi za maumivu. Tena anayemeza kidonge cha kichwa zaidi ya nusu ya siku za mwezi huweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na kidonge chenyewe. Mama yule wa Kihunguro alikuwa amefika huko.

Vidonge tuliviacha. Tukaanza kuipanga upya siku yake, kwa njia nitakayoieleza hapa chini. Baada ya miezi 3 kichwa kilikuwa kimetulia na shinikizo lilikuwa 138 kwa 88. Ni afadhali, ingawa bado liko juu kidogo kuliko ninavyotaka. Huja kila mwezi kupimwa na huenda tukaanza dawa.

Kwa upande wa mgongo, adui si kuketi wala kuinama, kila kimoja peke yake. Mtu anayeketi saa 2 juu ya kitanda au sofa, laptopu ikiwa mapajani, huwa ameukunja mgongo muda wote huo, na kano zinazoshika pingili huwa zimevutika na kulegea. Kisha anainuka ghafla na kwenda moja kwa moja kunyanyua mtungi wa lita 20 au kuinamia karai. Hapo ndipo mgongo “hukatika”, kama wagonjwa wanavyosema. Tembea kwanza dakika 2 au 3 ndani ya nyumba. Weka karai juu ya kigoda au meza ya bafuni ili ufue umesimama wima. Piga deki kwa mpini mrefu, si kwa kitambaa ukiwa umekunjika mara mbili. Mtungi ubebe ukiwa karibu na tumbo, magoti yakunjwe, na ikiwezekana tumia mitungi ya lita 10, miwili, mkono huu na huu. Mjamzito asibebe maji ghorofani. Hilo nawaambia waume zao.

Anayeishi katika chumba kimoja hawezi kuambiwa anunue meza ya ofisi. Lakini anaweza kuinua skrini ya laptopu kwa katoni au vitabu hadi juu ya skrini ilingane na macho, akanunua kibodi ya bei nafuu ya kuweka chini yake, na akaketi kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zikigusa sakafu. Macho nayo yanahitaji mapumziko. Tunapotazama skrini tunasahau kupepesa, ndiyo maana yanawasha. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6, hata kama ni nguo za jirani kwenye kamba, kwa nusu dakika hivi.

Moto na mtoto

Nimefika pale panaponikosesha usingizi mimi mwenyewe. Shingo iliyokakamaa hupona. Mtoto aliyeunguzwa hubaki na kovu.

Kijana mmoja wa Thika, baba wa mtoto wa miezi 14, huandikia wateja wa Marekani. Kunapokuwa saa 3 asubuhi huko New York, kwetu ni saa 10 au saa 11 jioni kulingana na msimu wao, kwa hiyo kazi yake humiminika usiku. Mkewe hufanya zamu ya mchana kiwandani. Basi baba hulala saa 9 usiku na kuamka saa 12 asubuhi mkewe anapotoka, na mchana mtoto na nyumba ni vyake. Kwa haki ya Mungu, huyu ni mume ambaye wake wengi wangemtamani. Lakini alikuwa akifua nepi usiku na kuzianika ndani, ili majirani wasimwone na kumcheka. Chumba kikajaa unyevu na mtoto akaanza kukohoa. Kwa maoni yangu aibu hiyo imeleta kikohozi kingi kuliko tunavyodhani.

Asubuhi moja aliweka sufuria ya uji kwenye meza ile ile ya laptopu. Ujumbe wa mteja ukaingia. Aligeuka kuusoma, mtoto akavuta waya wa chaja, na waya ukaja na sufuria. Mkono na sehemu ya kifua viliungua. Jirani mwenye nia njema akapaka dawa ya meno. Mtoto alilazwa siku kadhaa na anaendelea vizuri, ila kovu lipo.

Mtu aliyelala saa 3 tu kwa miezi mingi hawezi kuwa macho, hata akinywa kahawa. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi katika kila saa 24. Anayefanya kazi usiku avipate vipande viwili vya usingizi, mathalani saa 4 baada ya kazi na saa 3 alasiri, na wakati wa vipande hivyo mtoto awe na mtu mwingine, hata ikibidi kumlipa jirani au kituo cha kulelea watoto. Hiyo ni gharama ya kazi, kama intaneti ilivyo.

Mtoto akiungua, mmwagie maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Mfereji ukiwa mkavu, tumia jagi na ndoo, ukimwaga polepole tena na tena. Ondoa nguo ambayo haijashikamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga, wala ute wa yai. Vitu hivi hushika joto, huleta uchafu na hutuzuia kuona kina cha jeraha. Funika kwa kitambaa safi uje hospitalini, hasa jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha mtoto huyo, au likiwa usoni, mikononi au sehemu za siri.

Kuna moto mwingine usioonekana. Mwezi wa Julai baridi ya Kiambu huingia hadi kwenye mifupa, na anayefanyia kazi chumbani hushawishika kuingiza jiko la makaa na kufunga dirisha, jiko lipashe chumba na kuchemsha githeri kwa mpigo mmoja. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, kichefuchefu, kisha usingizi mzito ambao baadhi ya watu hawaamki kutoka humo. Kwa sababu mtu tayari amezoea kuumwa na kichwa kwa ajili ya skrini, dalili hizi humpita. Ukiona watu 2 au 3 katika chumba kimoja wanaumwa na kichwa kwa pamoja na jiko linawaka, tokeni nje mara moja. Ukisikia baridi, vaa sweta na jifunike leso. Jiko la makaa libaki nje.

Kuitenganisha siku

Kanuni yangu kwa wagonjwa ni nyepesi: kazi ya nyumbani inayohusu moto, maji ya moto, pasi au kumwogesha mtoto isifanywe ndani ya saa za mwajiri. Simu ikiingia, mkono mmoja utakuwa pabaya.

Zinazobaki ni nyingi, na zina faida. Miongozo ya WHO ya mwaka wa 2020 inamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kuushughulisha mwili kila wiki, na kufagia, kupiga deki, kuanika nguo, kukung’uta magodoro, vyote vinahesabiwa. Kwa aliyeketi saa nzima, dakika 5 au 10 za kuanika nguo ni dawa: mgongo unanyooka, damu ya miguuni inarudi, macho yanaona mbali. Baada ya chakula cha mchana, kutembea au kufagia ua dakika 10 huzuia sukari isipande sana katika damu. Tofauti na siku ya mama yetu ni kwamba hapa umekusudia. Umefunga laptopu, umeanika, umemaliza, umerudi.

Kupika ndiko kunakowashinda wengi. Maharagwe na githeri vinataka saa nyingi, na saa hizo ndizo za ofisi. Walio na friji wachemshe Jumapili ya kutosha siku 3 na kugawa katika mikebe. Asiye na friji achemshe ya siku moja, alfajiri au jioni. Wapo pia wanaotumia kile kikapu kilichoshonewa kitambaa na pamba ndani, ambacho huiva chakula bila moto. Ni kitu kizuri sana kwa anayefanyia kazi nyumbani. Ila maharagwe, hasa yale mekundu, lazima yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa kabla ya kuingia kikapuni, kwa kuwa yana sumu ambayo joto la polepole haliiondoi, na huharisha na kutapisha vibaya.

Kisha mwisho wa siku. Kiwandani king’ora kilisema zamu imekwisha. Nyumbani uliwekee saa jambo hilo, tuseme saa 11 jioni, na ulipe dalili inayoonekana: laptopu iingie mkobani, mkoba uingie kabatini, meza ifutwe iwe ya chakula. Mama wa Kihunguro alikubaliana na msimamizi wake kazini kwamba zamu yake iwe ya vipande viwili, asubuhi na alasiri, na saa 1 na nusu katikati ambamo simu hazimfikii. Hapo ndipo anapopika na kula akiwa ameketi. Ilihitaji mazungumzo ya dakika 10 aliyoyaogopa kwa mwaka mzima. Kuhusu simu za usiku, Seneta wa Nandi Samson Cherargei aliwasilisha mswada mwaka wa 2022 uliotaka mfanyakazi awe na haki ya kutojibu nje ya saa za kazi. Lakini mapatano na mkubwa wako hayahitaji kusubiri Bunge.

Na maji je? Mume wake, ambaye huendesha bodaboda na huwa nyumbani alfajiri, ndiye anayeyapandisha sasa. Nilimwita aje naye kliniki, nikamwonyesha zile tarakimu za shinikizo na zile kilo 120. “Daktari, mimi nilidhani akiwa nyumbani anapumzika,” akasema, na sidhani alikuwa akinidanganya. Mvulana wa miaka 11 anaosha vyombo vya jioni. Mama mkwe hakufurahi kumwona mjukuu wa kiume sinkini, lakini vyombo vinang’aa.

Walio na uwezo huajiri mfanyakazi wa nyumbani. Ni sawa, mradi mzigo usihamishwe tu kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa kila mwajiriwa angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na msichana wa kazi ni mwajiriwa. Nimewatibu wasichana hawa pia, kwa migongo ile ile na usingizi ule ule.

Zipo dalili ambazo upangaji wa siku hautazitibu, na mtu asizingoje. Maumivu ya kichwa yaliyoanza ghafla na makali kuliko yote uliyowahi kupata; mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama; kifua kubana na maumivu kupanda hadi taya au mkono wa kushoto; mguu mmoja kuvimba na kuuma baada ya kuketi siku nyingi; mgongo unaouma pamoja na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo. Kwa hizo nenda hospitalini saa hiyo hiyo, Thika Level 5 au iliyo karibu nawe, na usiende peke yako.

Kwa wengine wote, kapimwe shinikizo la damu mwezi huu katika kituo chochote cha afya. Usipime mara tu baada ya kupandisha maji ghorofani, wala baada ya kumaliza simu ya mkubwa wako, wala ukiwa umetoka kunywa chai ya majani mengi. Kaa kimya dakika 5, mgongo ukiegemea kiti, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza, ndipo upimwe, mara 2. Ukiwa na kifaa chako, pima hivyo asubuhi na jioni kwa wiki moja, andika tarakimu zote, hata zile usizozipenda, na uje nazo.